Lori Lilifika Kabla ya Orodha

Saa tatu asubuhi lori lilikuwa limeshaegeshwa nyuma ya kanisa, turubai limefunuliwa, vijana wameshavua mashati tayari kushusha mizigo. Foleni ilikuwa imelizunguka jengo mara moja na kuanza mzunguko wa pili. Mimi, katibu wa kamati ya huduma, nilisimama mlangoni na karatasi nne zilizoandikwa na watu wanne, na hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake. Moja ilikuwa na kaya 118, nyingine 131. Jina moja lilitokea mara tatu, kila mara kwa tahajia yake. Ndani ya lori kulikuwa na vifurushi 120. Kwa kazi yangu mimi ni mwalimu, mtu wa kuita mahudhurio kila asubuhi, na siku ile nilishindwa kuita majina.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye kanisa lake, baada ya mafuriko au moto au mapigano, litasimama Jumapili moja na kusema: jamani, tufanye kitu. Fanyeni. Ila msifanye kama tulivyofanya sisi mara ya kwanza.

Mto ulifurika usiku, katikati ya wiki. Jumapili iliyofuata mchungaji alitangaza, na kosa letu la kwanza lilizaliwa ndani ya tangazo lenyewe: "Leteni chochote mlicho nacho." Watu walitii. Walileta chochote. Tulipokea makoti mazito, gauni la harusi, viatu vya visigino virefu, viatu vya mguu mmoja, dawa zilizokwisha muda, vyombo vilivyopasuka. Katikati ya lundo hilo yalikuwemo mablanketi mazuri na sufuria mpya kabisa, lakini kuzifikia ilibidi uchimbe. Akina mama tisa walikaa siku sita kwenye ukumbi wakipanga viatu jozi kwa jozi. Hao ndio wangeweza kuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amepoteza nini. Dawa zile tulilazimika kuzipeleka kituo cha afya ziteketezwe, maana huwezi kuzitupa tu jalalani. Nguo zisizofaa nazo zililipiwa gari kwenda kutupwa. Yaani sadaka ya mtu iligeuka gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa sadaka ya mtu mwingine.

Siku hizi tangazo letu lina vitu sita tu, na kila kimoja kimepewa kipimo: blanketi, turubai, ndoo yenye mfuniko, sabuni, sufuria, taulo za kike. Kisha tunasema wazi kwamba fedha ni bora kuliko vyote. Maduka yakiwa bado yanafungua karibu na waathirika, kununua hukohuko kunapunguza nauli ya lori na kumwinua mfanyabiashara ambaye naye huenda kalowa. Kuna washirika walioudhika mwanzoni. Mtu akileta koti lake anajiona ametoa kitu cha moyoni. Ukimwomba fedha anahisi unamdai. Ongeeni naye kwa upole lakini msilegeze.

Maziwa ya unga ya watoto nayatenga peke yake, kwa sababu hapo tungeweza kuua mtu. Mfadhili mmoja mwenye nia njema alituletea makatoni, nasi tukashangilia na kupiga makofi. Muuguzi mstaafu wa ushirika wetu ndiye aliyeyazuia mlangoni. Alitueleza kwamba tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa, iliyopitishwa kwenye mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, inayodhibiti utangazaji wa maziwa mbadala, na kwamba miongozo ya ulishaji wa watoto wakati wa dharura inakataza kabisa kuyaomba au kuyapokea kama msaada wa kugawa kiholela. Maji machafu, chupa isiyochemshwa, mtoto anaharisha. Na mama aliyekuwa ananyonyesha vizuri akianza kutumia kopo, maziwa yake yanapungua. Kopo likiisha, hana hili wala lile. Mtoto ambaye kweli hana wa kumnyonyesha apelekwe kwa wahudumu wa afya, ahudumiwe na kufuatiliwa mmoja mmoja. Makatoni tuliyarudisha. Mfadhili alinuna.

Sasa turudi kwenye orodha, maana huko ndiko tulikoanguka.

Tuliwaomba viongozi wanne wa vikundi vya maombi, kila mmoja aandike familia zote zilizoathirika. Ilionekana ni busara, wanawajua watu. Walichofanya ni kuandika watu wanaowajua. Washirika wa Jumapili, majirani wa karibu, ndugu. Nami sikuwa msafi. Kwa mkono wangu niliongeza jina la wifi yangu, ambaye maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu na kuondoka kabla ya jua kuchwa. Nilijiambia kwamba naye kaathirika. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Siku ya mgao tuliamua kufuata karatasi yenye majina machache, basi, ili vifurushi vitoshe. Tuliita kwa sauti. Waliokosa majina yao walipanda hasira, na waliosikia majina yao walisukumana wakiogopa kitaisha. Hakukuwa na kivuli wala maji ya kunywa, na mahali pa mzee kukaa hapakuwepo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza mara ya tatu kama jina lake lipo, nikamfokea mbele ya watu. Hilo nalikumbuka kuliko idadi yoyote. Alirudi nyuma, akasimama mwishoni kabisa, hakuuliza tena.

Tulimaliza saa kumi. Nilikuwa nafagia maboksi wakati bibi mmoja alipoingia uani akitembelea fimbo, na mjukuu kamshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza tu, sijaja kugombana. Nyie mlipokuja kuandika kule kwetu, mlikuwa mnahesabu milango au mnahesabu vichwa?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Anapanga chumba cha uani na wajukuu watatu. Nyumba ile ina geti moja na familia nne ndani. Mwandishi wetu aligonga geti, akaandika jina la mwenye nyumba, akaenda zake. Mwenye nyumba alipata kifurushi. Familia tatu za wapangaji hazikupata kitu, na chumba cha bibi, kilichoko bondeni mwa kiwanja, ndicho kilichojaa maji hadi dirishani. Asubuhi alimtuma mjukuu aje kupanga foleni, kijana wetu mmoja akamfukuza kwamba hatuwapi watoto. Bibi si mshirika wetu, wala si Mkristo. Sikuwa na kifurushi hata kimoja. Nilimpa blanketi la akiba na aibu yangu yote.

Jioni ile kamati ilikaa. Kulikuwa na kurushiana lawama, acha niseme ukweli. Wawili walitishia kujiuzulu, na mmoja alijiuzulu kweli. Mchungaji aliacha tuseme tuchoke, kisha akafungua Matendo ya Mitume sura ya sita. Nimesoma sura hiyo tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili nikidhani inahusu kuchaguliwa kwa mashemasi tu. Inaanza na malalamiko ya mgao. Wajane waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, wajane wa Kiebrania wanapata. Hii ni Yerusalemu, kanisa changa, mitume wenyewe wapo, na bado orodha ilikuwa na upendeleo! Mitume hawakuwaambia walalamikaji waombe zaidi. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema kushughulikia meza, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kigiriki. Inaelekea waliokabidhiwa kazi walitoka upande ule ule uliokuwa unalalamika. Sisi kamati nzima tulitoka upande wa waliopata.

Kesho yake tulimtafuta mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunza stoo kwenye kambi za wakimbizi. Alikuwa ushirikani kwetu muda wote, anakaa benchi la nyuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Alikuja na kikokotoo na daftari. Swali lake la kwanza: "Kifurushi chenu mliwaambia ni cha muda gani?" Tukasema cha mwezi. Akapiga hesabu mbele yetu. Kwenye dharura hukadiriwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kwa kawaida hiyo hujengwa juu ya takriban gramu 400 za nafaka, pamoja na kunde, mafuta na chumvi kidogo. Kaya ya watu watano inakula kilo mbili za nafaka kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Sisi tulitoa kilo kumi. "Hii ni ya siku tano," akasema, wala hakuwa anatucheka. "Si vibaya kutoa ya siku tano. Vibaya ni kumwambia mama ni ya mwezi, akapanga mwezi wake kwa neno lako."

Alitufundisha viwango vya Sphere, mradi ulioanzishwa mwaka 1997 na mashirika ya misaada ili kuwe na kipimo kimoja cha chini kinachokubalika. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Sabuni ya kuogea gramu 250 kwa mtu kwa mwezi, na ya kufulia gramu 200. Kila kaya vyombo viwili vya maji vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuteka na kimoja cha kuhifadhi. Sisi tulikuwa tumetoa ndoo moja bila mfuniko na kipande kimoja cha sabuni, iwe kaya ya watu wawili au tisa. Tulikuwa pia tumegawa vidonge vya klorini bila maelezo. Familia nyingine zilitumbukiza kidonge cha lita 20 kwenye dumu la lita tano, maji yakanuka, wakayamwaga na kurudia ya mtoni. Kitu chochote chenye kipimo kionyesheni kwa vitendo, hapo hapo kwenye meza, kwa dumu lile lile watakalotumia. Msitegemee karatasi ya maelekezo.

Orodha ya pili tuliandika kwa siku nne, na lori hatukuliita hadi ikamilike. Waandishi walikwenda wawili wawili, mmoja mshirika wetu na mmoja si wetu, mwanamke na mwanamume. Ukifika uani unauliza: nani wanapika pamoja? Chungu kimoja ndiyo kaya moja. Unaandika idadi ya vichwa, umri wa watoto, mjamzito, mlemavu, mgonjwa wa kitandani, na unaangalia alama ya maji ukutani kwa macho yako. Baadaye orodha ilisomwa hadharani mtaani, si kanisani, ili watu waseme nani kasahauliwa na nani kaongezwa. Hali ya mtu binafsi, hasa ugonjwa, haikusomwa. Hiyo ilibaki kwenye daftari linalofungiwa.

Tulitoa vikaratasi vyenye namba na saa. Wa saa mbili waje saa mbili, wa saa nne waje saa nne. Wazee, wajawazito na walemavu walikuwa na meza yao chini ya mti, na wasioweza kutembea walipelekewa nyumbani. Anayeshindwa kuandika aliweka dole gumba. Kifurushi kilifunguliwa mezani mwenyewe akione kimetimia kabla hajaondoka. Inachukua muda, ndiyo. Ila malalamiko ya "langu lilikuwa na upungufu" yalikwisha.

Kulikuwa na ubishi mwingine ambao nadhani kila kanisa litaupitia. Mzee wa kanisa mmoja alitaka kabla ya mgao kuwe na mahubiri ya nusu saa, maana umati kama ule haupatikani kila siku. Mtunza stoo akamjibu, "Mtu anayesikiliza huku macho yake yapo kwenye gunia, utajuaje amina yake anaiitikia nini?" Ukumbi ukacheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada, pamoja na harakati ya Msalaba Mwekundu, yalikubaliana kanuni za mwenendo: msaada utolewe kwa kigezo cha uhitaji peke yake, bila kuangalia rangi, imani wala uraia, na usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Miongoni mwa waliozidhamini kanuni hizo ni Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kwa hiyo si masharti tuliyobebeshwa na watu wasio na imani. Tuliafikiana: tunaomba sisi watumishi, alfajiri, kabla geti halijafunguliwa. Anayetaka kuongea na mchungaji anajua alipo. Mzee yule hakuridhika, na bado haridhiki, lakini alibeba magunia siku nzima.

Picha nazo zilitugawa. Mgao wa kwanza vijana walipiga picha kila mpokeaji akiwa ameshika kifurushi, tena waliambiwa watabasamu. Injili ya Mathayo inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sisi mikono yote miwili ilikuwa imeshika simu. Mfadhili ana haki ya ushahidi, sikatai. Tunampa picha za mizigo, lori, stoo, nakala ya hesabu. Sura ya mtu haitoki bila ridhaa yake, na ridhaa haiombwi akiwa foleni, kwa sababu hapo hawezi kusema hapana.

Jambo la aibu zaidi lilitokea kwenye mgao wa pili. Kijana wetu mmoja alimwambia binti kwamba angemwekea sabuni ya ziada akimpa namba ya simu. Binti alimwambia shangazi yake, shangazi akaja kwetu. Wapo waliosema ni utani wa vijana. Tangu mwaka 2002 jumuiya ya mashirika ya kibinadamu ina kanuni zinazokataza moja kwa moja kubadilisha msaada kwa ngono au kwa upendeleo wowote wa kudhalilisha, na huanzia na maneno madogo kama hayo. Kijana aliondolewa siku hiyo hiyo. Tuliweka bango kubwa getini: MSAADA HUU NI BURE, HAULIPIWI KWA CHOCHOTE, na jina la mama wa kumwendea ukiombwa lolote. Bango hilo lilipaswa kuwepo siku ya kwanza.

Fedha nitazisema kwa ufupi kwa kuwa hazina utamu. Gari, mafuta, makuli, maboksi na chakula cha wanaojitolea vilimeza karibu robo ya makusanyo, na hatukuwa tumevitengea kitu. Mablanketi 11 hayakuonekana kwenye hesabu. Hatujui kama yaliibwa, kwa sababu tuliyapokea kwa marobota bila kuhesabu moja moja, na tukayatoa moja moja. Mweka hazina alitaka tufidie kimyakimya. Mchungaji akakataa, akatukumbusha kwamba Paulo, kwenye barua ya pili kwa Wakorintho, alipokuwa anasafirisha mchango wa makanisa alitaka aandamane na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, asije mtu akamlaumu. Tulisimama Jumapili tukasema: mablanketi 11, hatujui yalipo. Kukawa kimya. Wiki iliyofuata sadaka haikupungua. Nilikuwa na hakika itapungua.

Miili yetu nayo ilidai. Mimi nilikosa usingizi wiki nzima, nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi huku majina ya kaya yanapita kichwani. Wanaojitolea wapeni zamu na siku ya kupumzika.

Mgao wa tatu ulikuwa wa mwisho, na tulitangaza mapema kwamba ni wa mwisho. Safari hii tuliongeza meza ya malalamiko, na tukamwomba bibi wa chumba cha uani akae hapo pamoja na mwakilishi wa wapangaji. Alikubali kwa sharti apewe kiti chenye mgongo. Siku mbili kabla ya lori kuja, tulimsomea orodha nzima, jina kwa jina, naye anasikiliza amefumba macho, fimbo magotini. Alinyamaza kwa majina zaidi ya mia. Kisha akainua kidole.

"Huyo. Rudieni."

Lilikuwa jina la wifi yangu. Lilibaki tangu orodha ya kwanza. Kila mwandishi alilinakili akidhani mwenzake ameshalikagua, nami kila nilipolipitia nililiruka haraka.

"Nyumba yake ina vigae," bibi akasema. "Na maji hayakulala pale."

Nilichukua kalamu nikalikata. Jioni nilikwenda mwenyewe kumweleza, kabla hajasikia kwa watu. Hakunikaribisha kuketi. Mpaka leo tukikutana njiani ananisalimu, lakini hasimami.